Umeme Umefika Wapi? Maneno ya Mstaafu wa Laptopu kwa Wadogo Zake

Nilioka mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, ya laptopu ya mama yangu kwenye sufuria ya keki. Afadhali niseme mwenyewe mapema, kwa sababu nikichelewa mtaambiwa na mtu mwingine, na huyo mtu ataongeza kwamba niliweka hamira. Hamira sikuweka.

Nilifanya hivi, na msiige. Niliwasha sigiri, lile jiko letu la makaa, nikamwaga mchanga ndani ya sufuria kama Mama anavyofanya akioka. Nikaweka bodi juu ya kopo la maziwa lililopinduliwa, nikafunika, nikapanga makaa ya moto juu ya kifuniko. Kwenye simu nilikuwa nimemwona kijana wa nchi za mbali akitia mazabodi kwenye oveni ya umeme, anaitoa, anaifunga, laptopu inawaka, anacheka. Sisi wa Nateete, hapa Kampala, hatuna oveni. Tuna sigiri, na keki zetu zinaiva vizuri tu. Nikaona tofauti ni ndogo.

Sasa nyinyi wa klabu ya kompyuta, hasa wa Senior One mnaonifuata chooni na chaja zenu zilizokatika: mimi nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, niko Senior Five, na shingo yangu inalia kama bawaba kwa ajili ya kuinamia skrubu. Mwalimu wa klabu ameniomba niwaandikie niliyoyaona kazini enzi zangu, yaani mwaka jana. Najua mstaafu wa kawaida hukaa kitini akasimulia polepole. Mimi kiti kinanichoma. Naandika nimesimama, karatasi iko juu ya kabati, kwa hiyo mkiona naruka kutoka huku kwenda kule mjue nimebadilisha mguu.

Kwanza mumjue Mama, maana bila yeye bodi ile ilikuwa kipande cha plastiki tu. Mama anafundisha Kiswahili. Wanafunzi wake wako ng'ambo: nesi mmoja, mzee mmoja mwenye ndevu ambaye amestaafu kweli kweli, na dada wawili wanaocheka kila wakitamka "nyanya". Anawafundisha kwa video, kutoka meza yetu ya chakula, nyuma yake amening'iniza kitenge ili wasione vyombo. Kule Bukavu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Tulipofika Kampala nikiwa bado wa kubebwa mgongoni, alifua nguo za watu miaka na miaka kabla ya kuipata kazi hii. Ana Kiswahili cha aina mbili. Kuna cha darasani, kimepigwa pasi na kukunjwa vizuri, na kuna cha Bukavu, kinachotoka akikasirika. Ukisikia cha darasani, uko salama, endelea kula.

Jumamosi asubuhi umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu hadi balbu ya jirani ikapasuka. Laptopu ikanyamaza. Taa hamna, feni hamna.

"Itazame, Bahati," Mama akasema. "Si wewe ndiye unayejua mambo ya kompyuta?"

Nilichokuwa nakijua ni kubadilisha picha ya skrini. Nikamjibu ndiyo.

Mengine mmeshayasikia. Lakini kuna kitu sijawaambia: ilifanya kazi! Nilipoitoa kwenye sufuria, ikapoa, nikaifunga, nikabonyeza, ikawaka. Nilicheza peke yangu jikoni hadi nikapiga teke ndoo ya maji. Jioni Mama akakaa, akavaa spika zake za masikioni, somo likaanza. Mzee mwenye ndevu alikuwa anajitahidi: "Jana... jana nilikula..." Skrini ikazima. Mpaka leo hatujui alikula nini.

Ile kampuni ya masomo ina sheria yake. Mwalimu akivunja masomo mawili, wanafunzi wanapewa mwalimu mwingine, na foleni ya walimu ni ndefu. Moja lilikuwa limeshavunjika. La pili lilikuwa Alhamisi jioni. Kwa simu haiwezekani, mfumo wao unaikataa. Mama alijaribu, ikamwandikia samahani kwa lugha tatu.

Halafu akaenda kupika maharagwe, akachukua sufuria ile ile.

"Weye mutoto," akaniita. Kiswahili cha Bukavu. Nikasimama karibu na mlango. "Hii sufuria inanuka nini?"

"Plastiki kidogo, Mama."

"Plastiki ya nini?"

Macho yangu yalikwenda yenyewe kwenye laptopu. Yake yakayafuata. Hakunipiga. Ingekuwa afadhali. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akavua viatu, akavivaa, akavivua tena.

"Alhamisi," akasema. Hilo tu.

Jumatatu, kwa kuwa tulikuwa likizo, niliibeba laptopu kwenye mfuko wa sukari mpaka mjini kwa Hajati Zubeda, fundi wa laptopu. Hajati ni Mnubi wa Bombo, mnene, mwepesi wa mikono, na kibanda chake kiko ghorofa ya pili ya jengo moja la maduka, kati ya muuza kava za simu na msusi. Upana wa kibanda ni kama mlango uliolazwa chini. Alifungua laptopu yetu, akatoa bodi, akaisogeza puani.

"Hii bodi imepita wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kwa nani? Kwa muuza chapati?" Akanusa tena. "Nani alipika hii?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kuirudishia uhai, Hajati."

Akawaita majirani. Msusi akaja, muuza kava akaja, na mteja wake akaja, wote wakanusa mmoja mmoja kama watu wanaochagua mananasi. Muuza kava akauliza kama chai iko njiani. Nilicheka pia, maana mimi mwenyewe ningeuliza hivyo hivyo.

"Hajati, Mama ana somo Alhamisi. Akilikosa, kazi imekwisha."

Akaacha kucheka. Akanitazama, akatazama rafu yake, laptopu zimepangwa mpaka dari.

"Iko watu mbele yako. Lakini wewe uko na mikono. Utafungua skrubu zangu, mimi nitafika kwa hii ya mama yako. Kaa hapo. Kalia mikono."

Nilidhani ni mzaha. Haukuwa. Kwa Hajati, laptopu ikifika mezani, kabla ya kugusa chochote unakalia mikono yako, viganja chini ya mapaja, unatazama. Unatazama kama kuna mkwaruzo, unyevu, doa jeusi. Unanusa. Unamwuliza mwenyewe ilikuwa inafanya nini ilipokufa, nani aliyeifungua kabla yako. Mimi, mtoto ambaye hawezi kukaa hata mtu akimnyoa, nilikalia mikono mpaka ikafa ganzi. Vidole vilikuwa vinatembea chini ya mapaja kama mende.

Na mende si mfano tu. Siku hiyo hiyo ililetwa laptopu ya kijana anayepiga muziki kwenye sherehe kule Kamwokya. Nilipofungua kifuniko, familia nzima ikatoka, baba mbele. Wanapenda joto la bodi, na mkojo wao unakula shaba. Dawa ilikuwa mswaki laini na spiriti, kusugua taratibu mpaka ule ukijani utoke. Nilisugua huku nikiimba nyimbo za mwenye laptopu. Hajati akasema, "Sugua kimya, bado wanamsikiliza."

Sasa ngoja niwaeleze bodi yenyewe kabla sijatoka nje kidogo.

Fikirieni shule ya bweni asubuhi. Chaja inaleta umeme getini, volti kumi na tisa hivi. Getini kuna askari wawili, vipande vidogo vyeusi, wanaoamua kama umeme uingie. Ukishapita, unaamsha jikoni: huko kuna umeme mdogo wa volti tatu na wa volti tano, ambao haulali hata laptopu ikiwa imezimwa, kama wapishi wanaoamka kabla ya wote. Wewe ukibonyeza kitufe, ni kama kupiga kengele. Chipu moja ndogo inaisikia kengele na kuanza kuamsha mabweni moja moja, kwa zamu: kumbukumbu, picha, mengine. Mwalimu mkuu, yaani prosesa, anakuja mwisho kabisa, akute kila kitu kiko tayari. Uji usipoiva, haji.

Mnaona kosa langu? Laptopu ilikuwa imekufia getini, mimi nikachoma moto shule nzima ili mwalimu mkuu aamke.

Hajati hakuwahi kuuliza "mbona haifanyi kazi". Kwake swali lilikuwa moja, na aliliuliza kwa kila mashine, huku akitafuna karanga: "Umeme umefika wapi?" Unaanza kwenye soketi ya ukutani. Nisikilizeni, ya ukutani! Mama mmoja alileta laptopu kutoka Bwaise, amelia mpaka macho yamevimba, fundi mwingine amemwambia mazabodi imekufa. Hajati akapima chaja kwa mita. Sifuri. Akachomeka chaja yake, laptopu ikawaka na picha ya harusi. Yule mama akamkumbatia Hajati, halafu akanikumbatia na mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kushika karanga.

Mwingine alikuja na laptopu iliyoingiwa na maji ya mafuriko. Ameizika kwenye mchele. Mchele haunyonyi matope, wadogo zangu, unaingia tu kwenye matundu. Nilitumia saa nzima kuchokoa punje kwa sindano. Maji yakiingia, zima, toa chaja, toa betri, fungua, safisha kwa spiriti. Wali upike, ule.

Na ikiwa feni inazunguka, taa zinawaka, lakini skrini ni nyeusi? Usikimbilie kuzika. Toa kile kibao cha kumbukumbu, sugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya penseli, rudisha. Nimeona raba ya mtoto wa Primary Two ikifufua laptopu ya wakili.

Niliwaudhi watu pia, si mnanijua. Jumanne Hajati alikwenda kuswali, mimi nikasahau la kwanza kabisa: kabla ya bisibisi kugusa bodi, chomoa betri. Sikuchomoa. Bisibisi ikateleza, cheche, tiki! Skrini ya mteja ikawa na picha lakini bila mwanga, unaiona kwa kumulika tochi tu. Hajati aliporudi nilikuwa nimekalia mikono bila kuambiwa.

"Umefanya nini?"

"Nimekaa tu."

"Wewe hukai bure. Nionyeshe."

Nilikuwa nimeunguza fyuzi, kipande kama chembe ya chumvi. Alifunga nyingine, akaniweka nifagie mpaka jioni. Hiyo nayo ni shule.

Lakini Jumatano ikapita, na laptopu ya Mama bado ilikuwa rafuni. Kila nikipita naitazama. Nyumbani Mama alikuwa ameandaa somo la Alhamisi kwenye daftari, kwa kalamu, kama vile laptopu ipo. Alisimama mbele ya meza tupu akafanya mazoezi ya kusalimia. Nilitoka nje nikazunguka nyumba mara nyingi mpaka jirani akauliza kama nimepoteza kuku.

Alhamisi nilifika kabla jengo halijafunguliwa. Hajati alinikuta nimekaa kwenye ngazi, miguu inatwanga.

"Leta ya mama yako," akasema, hata kabla ya salamu.

Akachomeka chaja ukutani. Kwenye chaja kuna taa ndogo ya kijani, kataa kadogo; kakawaka. Akachomeka upande wa laptopu. Kakazima.

"Umeona?"

"Chaja imekufa?"

"Chomoa."

Nikachomoa. Kataa kakarudi.

"Chaja inaona shoti, inajifunga, isiungue," akasema. "Kule nyumbani, taa ya chaja ilifanya nini?"

"Sikuangalia."

"Ulikuwa unaangalia wapi?"

"Makaa, Hajati."

Andikeni hili kwenye vitabu vyenu. Taa ya chaja ikizima ukichomeka, na ikirudi ukichomoa, ndani kuna shoti, yaani umeme unapita njia ya mkato, tena karibu na geti. Bodi yenyewe ilikuwa imesema hivyo tangu Jumamosi, kwa taa, na mimi nikaenda kutafuta mchanga. Ule moto wangu uliufungua ufa ndani ya kipande kibovu kwa muda, ndiyo maana ikawaka. Ilipopata joto la kazi, ufa ukajifunga tena, shoti ikarudi, na mzee akabaki na chakula chake mdomoni.

Tatizo: kipande kipi? Kwenye njia ile kuna kapasita nyingi, vipande vya kutunza umeme kidogo, rangi ya chai ya maziwa, ndogo kama ufuta. Zote zimeshikana, kwa hiyo ukipima moja mita inalia piii, ukipima nyingine piii. Hajati alitoa betri, akaunganisha kile kisanduku chake cha kutoa umeme, volti moja tu, akaimwagia bodi spiriti mpaka ikang'aa kama imenyeshewa.

"Angalia wapi itakauka kwanza. Yenye shoti inapata moto."

Tuliinama wote wawili. Msusi akaacha kichwa cha mtu akaja. Sikuona kitu, sikuona kitu, halafu pembeni ya geti kakatokea kaduara kakavu, upana wa kucha ya mtoto, kanapanuka.

"Pale!"

"Usiguse."

"Hajati, pale!"

"Naona. Kalia mikono."

Akapuliza hewa ya moto, akainyanyua ile kapasita kwa kibano. Mita ikanyamaza. Hakuweka nyingine, kwa sababu pale wenzake walibaki wa kutosha. Akachomeka chaja. Kataa kakawaka, kakabaki kanawaka. Nilipiga kelele, muuza kava akadhani kuna mwizi.

Halafu nikabonyeza kitufe. Kimya.

Umeme umefika wapi? Ulikuwa umefika jikoni, wapishi wako macho, volti tatu ipo, tano ipo. Kengele ndiyo haikusikika. Hajati akageuza bodi, akaninyooshea kidole sehemu moja bila kusema. Soketi ya utepe wa kibodi, ile ya plastiki, ilikuwa imeyeyuka na kulala kama mshumaa. Kitufe cha kuwasha kinapitia humo humo. Jumamosi ilikuwa bado inashika kwa tabu; utepe ulipochomolewa hapa kibandani, haikushika tena. Hiyo haikuvunjwa na umeme. Hiyo niliipika mimi.

"Soketi kama hii sina," akasema. "Itafika wiki ijayo."

Nadhani rangi ilinitoka, maana msusi alinishika bega. Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda, na somo lilikuwa jioni ile ile. Nilisimama, nikakaa, nikasimama.

Hajati akatoa kibodi yote, laptopu ikabaki kama mdomo usio na meno. Akachukua kibano, akatafuta vituo viwili vidogo kwenye bodi, akavigusa kwa pamoja, mara moja, kama mtu anayemfinya mtoto kanisani. Feni ikazunguka. Skrini ikawaka.

"Hiyo ndiyo kengele," akasema. "Gusa hapa na hapa tu. Ukiteleza upande huu, utarudi kwangu na maiti." Akanipa kibano chake na kibodi ya kuchomeka pembeni. "Na shule ikikuchosha, bwana mdogo, kiti chako kiko hapa. Kila siku."

Sikumbuki vizuri boda iliyonirudisha Nateete. Nakumbuka nilikuwa nimekumbatia laptopu tumboni na kumhimiza dereva mpaka akauliza kama kuna mgonjwa. Nikamwambia yuko.

Mama alikuwa amekaa mezani, amevaa kilemba chake cha Jumapili, kitenge kimening'inia nyuma yake, na mbele yake meza tupu. Niliweka laptopu ile isiyo na meno. Aliitazama, akanitazama. Nilikalia mikono kwanza. Kweli, Mama akiwa anatetemesha goti na dakika zinakimbia, nilikalia mikono nikatazama vile vituo viwili mpaka nikawa na hakika. Halafu nikagusa.

Feni. Taa. Picha.

"Hamjambo, wanafunzi wangu," Mama akasema, Kiswahili cha darasani, kimepigwa pasi.

Mimi nilibaki nyuma ya mlango somo zima, nasikiliza feni. Ikipunguza mwendo, naacha kupumua. Ikiongeza, nauma kola ya shati. Dada wawili walicheka kwenye "nyanya". Nesi alikosea, akarudia, akapatia. Mwisho nikasikia kwaheri, wote, mmoja mmoja, na ahadi ya Jumamosi.

Nilimrukia Mama kabla hajavua zile spika za masikioni. Nikamwambia Hajati amenipa kiti, kila siku, si likizo tu, kwamba mimi sasa ni fundi na shule inaweza kungoja.

"Shule inafunguliwa Jumatatu," akasema.

Hapo nilikuwa nimejipanga. Nikamwuliza: nikiwa shule, laptopu hii itawashwa na nani? Haina kitufe. Soketi haijaja. Anayejua vile vituo ni mimi peke yangu nyumba hii nzima. Nilizungumza vizuri, sifichi, hata mikono niliitumia kama wakili. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akavua zile spika, akaziweka mezani, akavuta kiti chake karibu na laptopu, akaninyooshea kiganja.

"Aksanti, papa, kazi yangu umenirudishia," akasema, Kiswahili cha Bukavu lakini bila hasira, na kule papa ni mtoto unayempenda. "Sasa leta hicho kibano, unionyeshe ninagusa wapi. Jumatatu ninawasha mwenyewe, na wewe uko darasani."